Mistari Kumi na Moja ya Kumtafuta Mume wa Chebet

Siku mliponiaga pale ukumbini, mmoja wenu alisimama na chupa ya soda mkononi akasema, "Profesa, usiende na siri za kazi." Nikaahidi kuandika. Haya basi. Vyeo nimeviruka, kwa sababu vilikuwa viwili tu na cha pili kilikuja na ufunguo wa stoo na hakuna kingine. Mshahara nao nimeuruka kama wenyewe ulivyozoea kuniruka. Nitawaeleza kadi, mashine, mzee mmoja aliyenifundisha, na kosa moja. Mengine nitayapamba kidogo, mnanijua. Hilo kosa sitalipamba. Linamhusu mama aliyeitwa Chebet, mchumaji wa chai, na mtu mmoja ambaye angemfikia akiwa hai kama mimi ningeinua mkono wa simu mara moja tu.

Nilizaliwa kwenye laini za kampuni, zile safu za nyumba za wachumaji, nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la maji. Baba alitoka Vihiga kuja kuchuma chai mwaka mmoja, akakaa thelathini. Mimi nilichuma miaka minne, na sijaona mchumaji mbaya kuliko mimi tangu chai iletwe Kericho. Kapu langu lilijaa majani magumu hivi kwamba karani wa mizani aliniuliza kama nafuga mbuzi. Ndipo nikaingia shule ya jioni mjini. Nilikuwa na umri wa kumzaa jirani yangu wa dawati, na mvua ilininyeshea kila siku saa kumi kamili, miaka sita, bila kukosa hata Jumapili. Nilipopata cheti nililala nacho wiki nzima chini ya mto. Kisha nikakipeleka ofisi ya ustawi wa wafanyakazi, kimejikunja kama sambusa.

Huko nilimkuta Mzee arap Koske. Alikuwa karani wa kadi tangu enzi ambazo hata yeye hakuzikumbuka vizuri. Kadi zake zilikaa katika visanduku alivyogonga mwenyewe kwa mbao za makasha ya chai, na chumba chote kilinuka majani makavu.

"Wewe ndiye wa shule ya jioni?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Mwisho uko wapi?"

Akanisogezea kiti kwa mguu. "Keti. Tutautafuta pamoja."

Kazi ya chumba kile, kwa wale ambao mmekuta kila kitu kiko kwenye simu, ilikuwa kujua watu wa kila mfanyakazi. Kadi moja kwa mtu mmoja: jina lake, nambari ya kazi, laini anayoishi, halafu chini yake watu wake, na kila mmoja na mahali pa kumpata. Msifikiri ni jambo dogo. Siku hizo mtu wetu hakuwa na anwani yake mwenyewe. Alikuwa na sanduku la posta la shule ambayo mtoto wa shangazi alisoma, au simu ya duka fulani, mwambie mwenye duka amtume mtu. Arap Koske hakumpa mtu fomu ajaze. Alimketisha mbele yake, akamwachia muda wa kupumua, kisha akauliza swali moja: "Ukianguka leo, nani lazima ajue kabla jua halijatua?" Mtu akifikiri haraka haraka, mzee alimrudisha nje akatembee kidogo. Jina lililotajwa ndilo aliloliandika la kwanza, na mbele yake akaandika ni nani kwake.

Nilimwona akimuuliza hivyo kijana wa kiwandani, jitu refu lenye mikono kama koleo. Akafikiri, akasema, "Ng'ombe wangu." Sisi tukacheka. Arap Koske hakucheka. "Nani anamkamua ukiwa hapa?" Kijana akataja jina la dada yake. Mzee akaandika dada.

Katikati ya miaka ya tisini ikaja mashine. Waliileta kwenye lendirova, imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa, na nawaapia ilikuwa na uzito wa ndama. Skrini yake nyeusi, maandishi ya kijani, na printa ya kelele inayokula karatasi zenye matundu pembeni. Ilipopiga chapa, kuku wa meneja waliacha kutaga. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuiendesha, kwa kuwa shule ya jioni ilikuwa na kompyuta moja na mimi nilikuwa nimeigusa. Arap Koske alikuwa amebakiza miezi michache ya kazi. Aliitazama mashine siku mbili, akaja kusimama nyuma yangu.

"Hii kitu inajua watu?"

"Haijui, mzee. Tunaiambia."

"Sasa wewe ndiye utaiambia?"

"Ndiyo."

"Basi tuketi, tupitie kadi moja moja. Mimi nasoma, wewe unaandika. Kuna vitu sikuandika, viko hapa." Akajigonga kichwa.

Mwili wangu wote ulijua kwamba huo ndio mpango sahihi. Lakini meneja alikuwa amesema anataka kazi iishe kabla ya mwisho wa mwezi, na mimi nilitaka kumwonyesha kwamba itaisha kabla ya katikati. Kusoma kadi moja moja na mzee anayesimulia historia ya kila ukoo kungekula mwaka. Nikamwambia, "Mzee wangu, pumzika. Mashine itasoma yenyewe." Hakubisha. Aliniambia tu, "Ukikwama, nyumba yangu iko Kapsoit, si mbali." Akaenda kwake kulima mahindi, nami nikaziingiza kadi peke yangu, kama zilivyoandikwa.

Sasa niwaeleze mashine ilivyofanya kazi, kwa maana hapo ndipo penye kosa. Kitabu cha anwani cha kompyuta kilikuwa na vyumba: jina, jinsia, sanduku, simu, na chumba kimoja kiitwacho kategoria. Kila mtu aliyeingia kitabuni alipewa kategoria moja. Mume, Mke, Mzazi, Mtoto, Ndugu, Mkwe. Kulikuwa pia na Mhubiri, Mwalimu na Muuzaji, kwa sababu ofisi ilikuwa ikiwaandikia na hao. Ukishaweka kategoria, unaweza kuandika skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo mashine inayafuata mstari kwa mstari bila kuchoka na bila kuuliza. Pita kitabu chote. Chukua wenye kategoria hii. Waache wengine. Piga chapa.

Ah, nililewa! Kazi iliyomchukua arap Koske siku mbili za kupekua visanduku, mimi niliifanya huku uji ukipoa. Wake za madereva wote? Hawa hapa. Wazazi wa watoto wa nasari? Hawa hapa, na lebo za bahasha juu yake. Makosa yalikuwepo, lakini ya kuchekesha. Mara moja nilibadilisha barua nikasahau kubadilisha kategoria, na wahubiri wote wa eneo letu wakapokea mwito wa kuleta ng'ombe wao kuchanjwa siku ya Alhamisi. Wawili walileta. Mmoja alishukuru kwa maombi.

Kwa ujuzi huo nikaandika skripti niliyojivunia kuliko cheti changu. Ilikuwa na mistari kumi na moja. Unaipa nambari ya kazi ya mgonjwa, nayo inamtafuta mtu wa kuitwa. Ikiwa mgonjwa ni mwanamke aliyeolewa, inachukua mwenye kategoria ya Mume. Ikimkosa, inashuka kwa Mzazi. Ikimkosa, inashuka kwa Ndugu. Ikimpata mmoja, inasimama hapo hapo, inapiga chapa jina na mahali, inaenda kwa mgonjwa mwingine. Mkwe sikumweka kabisa. Niliona wakwe hawana haraka.

Kabla ya kuikabidhi nilitaka kitabu kiwe safi. Nikaandika skripti nyingine ndogo ya kukagua mambo yasiyolingana: mtoto mwenye umri mkubwa kuliko mzazi, mke mwenye jinsia ya kiume, vitu kama hivyo. Ikanitolea majina tisa ambayo kategoria yao ilikuwa Mume na jinsia yao ilikuwa ya kike. Nikacheka peke yangu. Nikasema mzee wangu macho yamemchosha. Kadi zilikuwa mle visandukuni. Nikatoa mojawapo, ya Chebet. Mwandiko wa arap Koske ulikuwa umenyooka kama mstari wa miche: "Mume: Taplelei, Silibwet. Simu: duka la nguo sokoni, aitwe." Na chini kabisa, kwa wino wa zamani zaidi, tangu Chebet alipoandikwa kazi akiwa msichana: "Baba," na sanduku la shule moja kule Kipkelion.

Kila mtu anajua majina ya Kikipsigis yanayoanza na Tap ni ya akina mama wazee. Nikaamua Taplelei ni mama mkwe, ameandikwa mahali pa mwanawe. Nikabadilisha yote tisa, moja baada ya nyingine, kutoka Mume kwenda Mkwe. Kazi ya dakika kumi. Kapsoit sikwenda. Hata sikuwaza kwenda.

Nilikuwa nimesikia, jamani. Nimekulia kati ya Wakipsigis, nimekula kwao, nimecheza mpira nao. Nilikuwa nimesikia kwamba mama ambaye hakujaliwa mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, na watoto wa huyo mwanamke wakawa wa nyumba yake. Lakini nililisikia kama jambo la hadithi za babu zao. Halikunijia kichwani kwamba lingeweza kukaa kwenye kadi ya ofisi, na nambari ya simu juu yake.

Kisha ikaja ile malaria. Wenzetu wa nyanda za chini waliizoea, lakini huku juu watu hawakuwa na kinga, na ilipopanda ilituangusha kama majani ya kuchumwa. Hospitali ya mashamba ilijaa hadi vitanda vikalaliwa wawili wawili, kichwa na miguu. Kila asubuhi Sista Rispa, muuguzi mkuu wa wodi ya akina mama, alinipa nambari za walio mahututi. Nikazitia kwenye skripti, printa ikapiga kelele, orodha ikatoka: huyu apigiwe simu, huyu atumiwe telegramu, huyu afuatwe na gari. Orodha ikaenda kwa mwenye simu na kwa dereva. Mimi nikaipongeza mistari yangu kumi na moja. Kwa wengi ilifanya kazi, hilo lazima niliseme. Waume walikuja wakiwa na tope hadi magotini, wakafika kwa wakati.

Sista Rispa alijua mdomo wangu. Akaniambia, "Profesa, wewe una maneno. Pita wodini kila siku, uwape moyo. Waambie watu wao wameitwa. Mtu akijua anakujiwa anapigana na homa."

Nikapita. Nilikuwa na wimbo mmoja kwa wote: ameambiwa, gari iko njiani. Nilikuwa nao mfukoni kama peremende. Chebet nilimkuta kitanda cha mwisho karibu na dirisha, mama wa miaka thelathini hivi, homa imemkausha midomo. Akili yake ilikuwa ikienda na kurudi. Iliporudi aliuliza wazi kabisa.

"Mume wangu ameambiwa?"

"Ameambiwa jana, mama. Gari iko njiani."

"Gari gani?"

"Gari ya kampuni. Mpya. Inakimbia kuliko upepo. Nyumbani ni wapi?"

"Silibwet."

"Ah, Silibwet! Kesho asubuhi utamwona hapo mlangoni."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo sijaweza kuitafutia pa kuiweka miaka yote hii. Orodha ilikuwa mkononi mwangu, imekunjwa. Kwenye orodha hiyo, mbele ya jina la Chebet, palikuwa na telegramu ya kwenda Kipkelion. Skripti ilikosa Mume, ikashuka kwa Mzazi, ikasimama. Kipkelion na Silibwet ziko pande mbili tofauti, Kericho iko katikati. Mama mwenyewe kwa mdomo wake aliniambia Silibwet. Nami sikuikunjua ile karatasi. Nilichofanya ni kuligeuza gari langu la uongo likatoka Silibwet.

Siku ya pili akaniuliza, "Imefika wapi?"

"Imepita Kaplong. Kuna matope kidogo."

Akatabasamu. "Hapo Kaplong matope ni mingi. Atashuka asukume, namjua."

Siku ya tatu sauti ilikuwa ndogo. Niliinama. "Imefika Litein," nikamwambia. "Wamesimama kunywa chai."

"Yeye hapendi chai ya hoteli," akasema. "Wamwambie asishuke."

"Nitawaambia."

Kumuuliza mume wake anaitwa nani kungenichukua pumzi moja. Sikumuuliza. Niliamini kwamba mtu wa kuulizwa ni mashine, na mtu wa kuongopewa ni mgonjwa.

Siku ya nne kitandani palikuwa na akina mama wengine wawili. Sista Rispa alikuwa anabadilisha shuka mahali pengine. Alitikisa kichwa tu, nikaelewa.

Telegramu ilifika Kipkelion ikiwa imechelewa, ikapokelewa na baba mdogo wa Chebet. Babake alikuwa amekufa zamani. Huyo baba mdogo alikuja na pikapu ya kukodi, mtu mpole, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Huyu aliolewa," akasema. "Mimi nilikuwa kazi ya reli, mbali. Nilisikia ni upande wa Bomet. Watu wake wako wapi?"

Nikafungua kompyuta mbele yake, kwa madaha. "Kulingana na rekodi," nikamwambia, "nyinyi ndio watu wake."

"Hakuna mume?"

"Hakuna."

Akatia sahihi, akamchukua. Wakamzika Kipkelion.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa ofisini peke yangu. Akaingia mama mzee, mrefu, amesimama wima, kanga ya kichwa imefungwa kwa nguvu, kibuyu cha maziwa ya mursik kwapani. Alinisalimu akaketi bila kuambiwa, kama mtu anayejua ofisi ni ya nani.

"Natafuta mke wangu," akasema. "Anaitwa Chebet. Kila mwisho wa mwezi anakuja nyumbani. Safari hii hakuja. Watoto wananisumbua."

"Mama, wewe ni nani?"

"Taplelei. Wa Silibwet."

"Wewe ni mama mkwe wake?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekosea njia ya nyumbani. "Mimi nilitoa ng'ombe sita na mbuzi. Nilikwenda kwa baba yake na wazee wangu. Nyumba yangu haikuwa na mtoto, nikamwoa, sasa ina wawili. Mimi ni mume wake. Arap Koske aliandika. Yuko wapi arap Koske?"

Nilimwambia. Sijui kifo cha Chebet nilimwambia kwa maneno gani. Yale yangu mengi yote yalikimbia yakaniacha na matatu au manne. Hakupiga kelele. Alikiweka kibuyu sakafuni polepole sana, kana kwamba ndicho kingevunjika.

"Alizikwa wapi?"

"Kipkelion. Kwa baba yake."

"Kama msichana ambaye hajaolewa," akasema.

Baada ya muda akanyoosha kidole kwenye mashine. "Jina langu liko huko ndani?"

"Liko, Kogo." Nilianza kumwita Kogo, nyanya, hapo hapo, bila kufikiri.

"Nionyeshe."

Nikawasha. Hakujua kusoma, kwa hiyo nikamwekea kidole juu ya jina lake, herufi za kijani, Taplelei. Akaliangalia. "Na simu ya duka?"

"Iko pia."

"Mwenye duka ana mguu mwepesi. Akipigiwa, mimi najua kabla chai haijachemka." Akasimama. "Kwa hiyo mlikuwa nami hapa siku zote."

Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda Kapsoit. Arap Koske alikuwa shambani. Nilimweleza nikiwa nimesimama kwenye matuta, naye akapalilia hadi mwisho wa mstari ndipo akainua kichwa.

"Nilikuwa hapa," akasema. "Hukuniuliza."

Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Kisha akanawa mikono, tukarudi ofisini pamoja, na kwa wiki tatu tukafanya ile kazi niliyoikataa. Yeye alisoma, mimi niliandika, na kila kilichokuwa kichwani mwake tukakitafutia chumba. Wale wanane waliobaki tukawarudisha kwenye kategoria ya Mume. Skripti nikaibadilisha: isisimame kwa mtu wa kwanza, itoe watu wote wa mgonjwa, na ikikosa mume wa mtu aliyeolewa iandike juu kwa herufi kubwa, NENDA UKAMUULIZE. Ndiyo hiyo mnayoitumia hadi leo kwenye mashine zenu nyembamba, ikiwa imetiwa rangi. Kuna mmoja wenu aliniambia ule mstari wa kwenda kuuliza unachelewesha kazi, ungeondolewa. Nilimjibu vibaya mbele za watu. Sasa anajua kwa nini. Na mkikuta jambo ambalo mashine inaona halilingani, msilinyooshe mkiwa mmeketi. Aliyeandika hivyo huenda alikuwa na akili zake.

Kazi ilipoisha arap Koske akaniambia, "Sasa twende Silibwet."

"Mzee, nitasema nini?"

"Mimi nitasalimu tu. Mengine ni yako."

Nyumba ya Kogo ilikuwa juu kidogo ya kituo, chai upande mmoja, mahindi upande mwingine, ng'ombe wawili kwenye kamba. Alitupokea vizuri kuliko nilivyostahili, akatuketisha, akatoa maziwa. Mvulana mdogo wa Chebet alikuwa amelala mgongoni mwa jirani. Dadake, Chepkoech, msichana wa miaka saba hivi, aliketi karibu na magoti ya Kogo akisuka kamba za magome.

Niliomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikasema yote, skripti, kategoria, kadi. Kogo alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua kwenye bati.

"Hayo ni ya ofisi," akasema. "Wewe ulimwona?"

"Nilimwona, Kogo. Siku tatu."

"Alisema nini?"

Nilimtazama arap Koske. Alikuwa anatazama nje.

"Aliuliza kama umeambiwa."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia umeambiwa. Kwamba gari iko njiani."

"Yote," akasema. "Niambie yote, kama ulivyomwambia yeye. Usipunguze."

Basi nikasema. Gari mpya ya kampuni. Inakimbia kuliko upepo. Kaplong, matope, na vile Chebet alivyosema atashuka asukume. Hapo Kogo alifunga macho, akatikisa kichwa taratibu, kwa kukubali. Litein, kunywa chai. Hapendi chai ya hoteli, wamwambie asishuke. Nilipofika hapo nikanyamaza, kwa sababu hapakuwa na zaidi.

"Alikuwa anangoja, basi," Kogo akasema. Hakuniambia kama hilo lilimpoza au lilimchoma, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Arap Koske akakohoa, akatafuta fimbo yake. Ndipo Chepkoech akaacha kamba zake, akaniangalia usoni, kwa adabu kabisa, jinsi mtoto anavyomuuliza mgeni anayejua safari.

"Na ilipotoka Litein," akasema, "hiyo gari ilifika wapi?"